Chupa Mbili za Kinyozi wa Njiru

Mimi sipendi kuingiliwa kazini. Nasema mapema ili tusije tukakosana. Ukinipa kichwa nikunyoe, nipe chote, mdomo ubaki nao wewe. Usiniambie "hapo punguza, hapo acha" kana kwamba nilianza kazi hii jana. Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya kiti, na vichwa vya Njiru navijua kuliko akina mama waliovizaa.

Sasa, mwaka jana mwezi wa tano, ng'ambo ya barabara kukafunguliwa duka lingine la kinyozi. Si kibanda cha mabati kama changu. Vioo kila upande, taa za buluu zinazozunguka, viti vinavyolala nyuma mpaka mteja anakoroma. Na kila anayetoka pale ananukia. Taa sijali. Viti sijali. Lakini huko kunukia kulinikata maini, maana mimi wateja wangu nilikuwa nawamalizia na spiriti na poda, basi. Mtu akitoka kwangu ungedhani ametoka kudungwa sindano.

"Fundi, na wewe tafuta pafyumu," aliniambia Odero. Odero ni fundi wa mabomba, mteja wangu wa kila Jumamosi, na mdomo wake haujui likizo. "Mtu akinyolewa hapa anarudi nyumbani akinuka hospitali. Tutakuhama, buda."

"Hameni," nikamwambia. "Mlango ndio huo."

Lakini Jumanne yake, siku ambayo vichwa huwa haba, nilimwachia Dishon ufunguo wa duka nikaenda Eastleigh kutafuta pafyumu.

Ngoja kwanza nikueleze huyu Dishon, kwa sababu mambo haya ni yake kuliko yangu. Dishon ni jirani. Anakaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mitaa miwili nyuma ya duka langu, yeye na mkewe Muhonja na watoto watatu. Kifungua mimba wao anaitwa Khavere, kwa hiyo mtaani wote tunawaita Baba Khavere na Mama Khavere. Ni mtu mpole, mwenye kipara safi kutoka paji la uso mpaka shingoni, kwa hiyo mteja wangu hajawahi kuwa. Alifanya kazi miaka kumi na minne kwenye kiwanda cha mikebe huko Industrial Area. Mwanzoni mwa mwezi ule ule wa tano wakapunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwao.

Mtu mwingine angefika nyumbani aseme. Dishon hakuweza. Kesho yake aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akavaa ovaroli, akachukua chakula alichofungiwa na mkewe, akatoka. Akazungukazunguka mpaka mvua ikamleta kwenye benchi langu. Siku iliyofuata akaja tena. Siku ya tatu nikamuuliza, "Baba Khavere, kwani kiwanda kimehamia hapa?"

Nilikuwa namtania tu, jamani. Mwanamume akaangua kilio.

"Wesonga," akaniambia alipoweza kusema, "Muhonja aliolewa na mtu mwenye kazi. Nikipata nyingine, siku hiyo hiyo nitamwambia yote. Nikimwambia leo ataniangalia kwa macho mengine, na hayo macho mimi siyawezi."

Nilimwambia huo ni upuzi. Nikamwambia pia akae. Basi toka siku hiyo Dishon akawa wa benchi langu, ile pembe ya ndani ambayo mpita njia haioni, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Jumamosi mpaka saa saba. Alifagia nywele, alisoma gazeti kwa sauti, alicheza drafti na waliosubiri, na katikati ya hayo alipiga simu kila kiwanda anachokijua kuomba kazi. Jioni alijipaka mafuta ya mashine yangu kidogo kwenye vidole ili asionekane msafi kupita kiasi, akajitia uchovu, akaenda nyumbani. Mwisho wa mwezi alichota kidogo kwenye pesa alizolipwa alipoachishwa, akaziita mshahara. Nami nilinyamaza. Siri ya mtu si yangu kuitembeza.

Haya, turudi Eastleigh. Duka la manukato nililoelekezwa lilikuwa na upana wa kitanda, lakini rafu zilipanda mpaka darini, zimejaa machupa makubwa yenye nambari badala ya majina. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo, Jawahir, amejifunga mtandio wa kijani, mkononi ana sindano isiyo na ncha ya kupimia.

"Nataka ya wanaume, mama," nikasema. "Nzuri, na isiniumize mfuko."

"Wanaume gani? Wa harusi, wa ofisi, wa msikitini?"

"Wa kinyozi."

Alicheka huyo mama mpaka akashika kaunta. Kisha akashusha chupa mbili. Nambari kumi na mbili, akasema, ni ya ndimu na machungwa. Nambari thelathini na moja ni ya mti. Akanitonesha ya ndimu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ya mti kwenye wa kushoto. Nikainua mkono ninuse, akanipiga kofi dogo.

"Bado! Nyinyi mnanunua mbio mbio, kesho mnarudi kugombana na mimi. Nenda ukatembee. Rudi nikishamaliza swala ya adhuhuri."

"Mama, mimi nina duka linaningoja."

"Na mimi nina swala."

Nilikasirika, lakini nikatembea. Na wallahi mama yule alikuwa anajua kazi yake. Dakika kumi za kwanza, mkono wa kulia ulinifanya nitabasamu peke yangu njiani, ndimu imekatwa sasa hivi, mpaka mate yakanijaa mdomoni. Mkono wa kushoto ulikuwa mkali mkali, kama penseli iliyochongwa, nikasema huu hapana. Baada ya saa moja ndimu ilikuwa imeshaanza kuondoka. Ule wa kushoto ndio kwanza unaamka. Ulinukia ubao uliorandwa, kabati jipya la harusi, na kwa mbali moshi wa udi. Niliporudi dukani mkono wa kulia ulikuwa mkono tu.

"Umeona?" Jawahir akaniuliza. "Ndimu ni mgeni mwenye adabu. Anaingia, anakuchekesha, anaaga. Huyu wa mti akishaingia anaomba mkeka alale."

"Ipi ghali?"

"Bei moja. Mia tano, mia tano. Chagua kwa pua."

Nilishindwa kuchagua. Nikasema wateja wenyewe wataamua, nikachukua chupa ndogo ya kila moja, nikarudi Njiru nimevimba kichwa.

Wiki ya kwanza nilitumia ndimu. Kila kichwa kilichomalizika, puu, puu, shingoni na nyuma ya masikio. Duka likawa limechangamka. Wazee waliipenda. Odero alinusa bega lake, akakunja uso.

"Buda, hii ni sabuni ya vyombo. Nikifika nyumbani mke wangu atanisugua pamoja na sufuria."

"Si ulitaka kunukia?"

"Kunukia, ndiyo. Sasa hivi nikifika stejini kupanda matatu nitakuwa sinukii tena. Nitakuwa nimelipia upepo!"

Wiki ya pili nikafungua chupa ya mti. Ah! Siku hiyo hiyo nilijua mambo yamebadilika. Vijana walijinusa wakatazamana. "Niaje, fundi, hii imeweza!" Mmoja alisema ananukia kama mtu mwenye ghorofa. Mwingine aliyekuwa amenihama akarudi kutoka ng'ambo akiona haya, nikamnyoa bila kumuuliza alikuwa wapi, ingawa ulimi uliniwasha. Foleni ya Jumamosi ilifika nje ya mlango. Mke wangu Nafula yuko Kimilili anaangalia shamba, kwa hiyo kwangu hapakuwa na pua ya kuniuliza lolote, nami nikawa nalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Ila Dishon. Yeye sikuwahi kumpulizia hata tone. Lakini kibanda ni kidogo, mabati pande zote, na mimi napuliza mara ishirini, thelathini kwa siku. Mtu akikaa humo kutwa nzima, ovaroli yake inakunywa. Jumatano asubuhi aliingia dukani macho yamemtoka.

"Ameninusa," akasema.

"Nani?"

"Muhonja. Jana usiku. Ameninusa shingo, ameninusa ovaroli, akaniuliza, hii ni nini. Nikamwambia ni dawa ya kutu wanayopuliza kiwandani siku hizi." Akaketi. "Wesonga, sasa nadanganya juu ya uongo. Nakuomba, rudisha ndimu. Ndimu ilikuwa inaisha kabla sijafika kwenye kona. Huu mti wako unalala na mimi kitandani."

Nifanye nini? Niliangalia foleni yangu. Niliangalia ng'ambo, zile taa za buluu. Nikapandwa na hasira, kwa sababu nilijua anachoomba ni kidogo na bado sikutaka kumpa.

"Kwani ni mimi niliyekutuma umdanganye mkeo?" nikafoka. "Mwambie! Mdomo unao! Mimi siwezi kufukuza wateja kwa ajili ya siri yako."

Dishon alichukua ufagio akaanza kufagia mahali pasipokuwa na nywele. Niliona aibu, na sikuomba msamaha, ndivyo nilivyo. Nikamwambia tu kwamba nikiwa napuliza atoke nje asimame uani, nyuma ya duka. Alitoka siku moja, siku mbili. Lakini mwezi wa sita Nairobi unajua baridi yake. Siku ya tatu nilimwona pale nje anatetemeka, amekunja mikono kwenye makwapa, nikamwita arudi ndani.

Basi akaanza vituko. Alipangusa ovaroli na spiriti, ikanukia mti na spiriti. Aliitundika kwenye waya wa nyuma ya duka ipigwe na upepo, akakaa na shati mchana kutwa akipiga chafya. Siku moja alinunua vitunguu maji kilo mbili na omena, akavibeba kifuani kama mtoto mchanga mpaka nyumbani ili avinukie. Muhonja alipokea vitunguu, akapokea omena, kisha akamnusa nyuma ya sikio.

Dishon ndiye aliyeniambia yaliyofuata. "Alinigeuzia mgongo akaangalia ukuta. Afadhali angenipigia kelele."

Sasa haya yanayofuata nilikuja kuyapata baadaye kutoka kwa Odero, ambaye mkewe Kavinya alikuwemo. Jumapili moja Muhonja alikuwa kanisani. Wakati wa sadaka, mzee wa kanisa akapita na kikapu, na Muhonja akaisikia ile harufu. Ile ile ya dawa ya kutu. Akageuka. Upande wa wanaume wote, safu nzima, ulikuwa unanukia mumewe. Alikaa chini wimbo ukiwa katikati.

Baada ya ibada aliwavuta kando wanawake wa ploti, Kavinya akiwa mmoja wao.

"Hata wangu!" Kavinya akasema. "Kila Jumamosi anarudi nayo. Nikimuuliza ananiambia ni gundi ya mabomba."

Odero, unajua, Jumamosi huwa anamwambia mkewe kwamba kuna bomba limepasuka mahali. Bomba gani? Anakuwa kwangu, anatazama mpira kwenye runinga yangu. Na si yeye peke yake. Hawa wanaume wote, walipoulizwa, kila mmoja alitoa uongo wake mdogo aliokuwa nao karibu. Mmoja alisema ni sabuni, mwingine akasema ni jasho la mtu aliyekaa naye garini. Hakuna hata mmoja aliyesema "nimetoka kwa Wesonga", maana kunyolewa ni nusu saa, nao kwa Wesonga ndiko wanakojificha kutwa wasitumwe sokoni.

Wanawake wakahesabu. Wanaume sita, harufu moja. Na baa mpya ilikuwa imefunguliwa pale karibu na steji mwezi huo huo, ina mhudumu msichana mrembo, mcheshi. Mbona mambo yako wazi? Mwanamke mmoja, wanaume sita!

Jumamosi asubuhi wakaenda baa. Wanawake sita, Muhonja mbele, amekunja foronya mkononi. Foronya ya mto wa Dishon, ameitoa kitandani kama ushahidi. Yule msichana alikuwa anapiga deki. Wakamwambia atoe mkono. Akautoa kwa woga, wakamnusa kwa zamu, kisha wakanusa foronya, wakamnusa tena. Binti wa watu ananukia mafuta ya nazi. Walipomweleza wanachotafuta, alinusa foronya mwenyewe, akacheka.

"Hii? Hii hupita hapa mlangoni kila siku, kwenye vichwa vilivyonyolewa. Nendeni kwa kinyozi pale."

Mimi sina habari. Nina Odero kwenye kiti, nusu ya kichwa nimemaliza, nusu bado. Watu watano kwenye benchi, na Dishon pembeni amevaa ovaroli anawasomea habari za michezo. Nikaona mlango umekuwa giza. Nikainua macho, naona leso, leso, leso.

"Yuko wapi?" Muhonja akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hapo ndipo niliogopa.

"Nani, Mama Khavere?"

"Huyo mwanamke."

"Hapa kuna mwanamke? Hapa ni kwa kinyozi! Msiniletee fujo kazini!"

Kavinya hakunisikiliza. Alikuwa ameshaingia, pua mbele, anafuata hewa mpaka kwenye meza ya kioo. Akaona chupa. Akaiinua, akajipulizia puu kwenye kiganja, akanusa. Akawapitishia wenzake. Wakanusa kiganja, wakanusa foronya, wakanusa kiganja. Kisha mmoja wao akaguna, mwingine akaanza kucheka, na ghafla kibanda kizima kikalipuka. Walicheka hao akina mama mpaka wakaegemeana, leso zikawadondoka. Kavinya alimsogelea Odero, akamfunua shuka shingoni.

"Gundi ya mabomba, eeh?"

"Mnaona sasa?" Odero akapaza sauti, nusu kichwa kina nywele, nusu hakina. "Mimi sina hatia! Nimesingiziwa!"

"Na bomba lililopasuka leo liko wapi?"

Odero akajifunika shuka tena. Watu wakazidi kucheka. Nami nilicheka, nakiri, mpaka nilipomwona Muhonja. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia benchi. Pale mwisho palikuwa na gazeti limefunguliwa, limeinuliwa juu sana, na chini yake miguu ya ovaroli ya buluu ambayo yeye huifua kila Jumapili.

Alikwenda akalishusha gazeti kwa kidole kimoja.

"Baba Khavere."

"Mama Khavere," Dishon akasema.

"Hawa wengine nimewaelewa," akasema Muhonja. "Wananyolewa Jumamosi, wananukia Jumamosi. Wewe unanukia Jumatatu. Unanukia Jumanne. Unanukia kila siku ya Mungu, na toka unioe hujawahi kukata unywele. Hapa unafanya nini?"

Kicheko kilikatika. Mashine yangu ndiyo iliyokuwa inanguruma peke yake, nikaizima. Nilimwona Dishon anatafuta la kusema, uso umemlegea, na nikasema ngoja nimsaidie, nimwokoe tu leo.

"Mama Khavere, alipita hapa mara moja kuni—"

"Wesonga, acha," Dishon akaniambia. Akasimama. "Muhonja, sina kazi. Walinipunguza tarehe nne mwezi wa tano. Sijakanyaga kiwandani toka siku hiyo. Kila asubuhi ukinifungia chakula, nakuja kukilia hapa, kwenye hili benchi. Hakuna dawa ya kutu. Niliogopa kukuambia. Niliogopa sana."

Kila mtu mle ndani alijua sasa litakalofuata ni kubwa, na hakuna aliyetaka kuwa karibu nalo.

"Tarehe nne," Muhonja akasema polepole. "Mwezi wa tano."

"Ndiyo."

"Na mwanamke?"

"Mwanamke yupi?" Dishon alishangaa kweli kweli. "Mimi na mwanamke? Muhonja, wewe peke yako nakuogopa hivi, wa pili ningemuweza?"

Muhonja aliketi kwenye benchi. Vijana wawili wakamsogezea nafasi haraka. Aliiweka ile foronya usoni, mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia. Kisha akaitoa, na uso ulikuwa umelowa machozi huku anacheka, anacheka na kulia pamoja, hawezi kushika kimoja.

"Nimelala wiki tatu nikiangalia ukuta," akasema. "Nimempigia mama simu Vihiga nikamuuliza kama kile chumba changu bado kipo. Nimewaza Khavere nimwache shule gani. Wiki tatu, Dishon! Nilijua nimepoteza mume. Kumbe tumepoteza kazi?"

Muhonja akasimama akaanza kumpiga na foronya. Kipara, bega, kipara.

"Kazi tu!" Pwaa. "Kazi tu, wewe mtu!" Pwaa. "Nilidhani ni kifo! Kumbe ni kazi tu!"

Dishon alipigwa akiwa amesimama wima, mikono chini, na machozi yanamtiririka, na sijawahi kuona mtu anapigwa akiwa na furaha kiasi kile. Kavinya alikuwa anajipangusa macho na leso. Odero alikuwa analia chini ya shuka, nilimsikia, ingawa mpaka leo anakana.

Muhonja alipochoka, alimpangusa mumewe uso kwa ile ile foronya aliyompigia. Akampa mkono.

"Twende nyumbani."

Dishon akatazama saa ya ukutani. Mazoea hayo. "Sasa hivi? Ni saa tano. Watu wataniona natembea mchana na ovaroli."

"Na waone. Mwenye kuuliza nitamjibu mimi."

Mlangoni aligeuka akaniangalia. Nilikuwa nimejiandaa, maana nilijua zamu yangu itafika.

"Wesonga, wewe ulijua."

"Nilijua, Mama Khavere."

"Miezi miwili napita hapa nakusalimia, nawe unajua."

"Ndiyo. Nisamehe." Neno hilo si jepesi kwangu, lakini siku hiyo lilitoka lenyewe.

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Kisha akaonyesha ile chupa mikononi mwa Kavinya.

"Hiyo ya mti usiibadilishe," akasema. "Wewe ulinyamaza na yeye alinyamaza. Hiyo ilisema."

Wakatoka. Nilisimama kizingitini na mashine yangu mkononi, na wanawake wote nyuma yangu, tukiwatazama. Walipita katikati ya mtaa, saa tano ya asubuhi, jua limewaka baada ya baridi ya juma zima, wameshikana mikono, watu wazima wenye watoto watatu. Muuza mboga akawauliza kuna nini. Nilimsikia Muhonja akimjibu kwa sauti, bila kupunguza mwendo:

"Mume wangu hana kazi! Nampeleka nyumbani nimpikie chai."

Na Dishon, ambaye miezi miwili mizima alikuwa anapita njia ile akiinamisha kichwa, alisimama akamsalimia muuza mboga, akamuuliza watoto wake hawajambo.